Kwa Nini Waingereza Wana Mabomba Mawili?

Kila watu wana mila zao. Sisi hushangaa mila za wenzetu, nao hushangaa zetu. Leo tutazame mambo madogo ya Waingereza ambayo humsumbua mgeni.

La kwanza ni bomba. Katika nyumba nyingi za zamani huko Uingereza, beseni la kunawia lina mabomba mawili. Moja hutoa maji ya moto, jingine maji baridi. Huku unaungua, huku mikono inakufa ganzi! Mgeni hujiuliza: jamani, kwa nini hawayachanganyi?

Si ujinga. Maji baridi yalitoka moja kwa moja kwenye bomba kuu la mji. Yalikuwa safi ya kunywa. Lakini maji ya moto yalitoka kwenye tangi lililowekwa darini. Tangi lisipofunikwa vizuri, vumbi na hata wadudu huingia. Basi maji hayo yalitengwa ili yasichafue maji ya kunywa. Siku hizi nyumba nyingi mpya zina bomba moja la kuchanganya.

La pili ni foleni. Waingereza hupanga mstari dukani, posta na kwenye kituo cha basi. Ukiruka mstari, pengine hawatakupigia kelele. Watakutazama tu na kuguna, mpaka uone haya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili foleni zilikuwa kazi ya kila siku. Kuanzia mwaka 1940 chakula kilitolewa kwa mgao. Hata majani ya chai yalipimwa: mwanzoni gramu 57 hivi kwa mtu mmoja kwa wiki. Mgao wa chakula ulikwisha kabisa mwaka 1954.

La tatu ni kuomba radhi. Ukimkanyaga Mwingereza, mara nyingi yeye aliyekanyagwa ndiye huomba radhi! Lakini neno lao ni moja kwa samahani na kwa pole. Na sisi je? Mtu akijikwaa, si tunampa pole ingawa hatukumsukuma?

Ndugu wasomaji, kabla ya kucheka mila ya mwenzako, uliza sababu yake. Tena tujiulize wenyewe: kisimani na zahanati, mwenye nguvu akijisukuma mbele, nani hukosa? Ni yule mama aliyefika alfajiri na mtoto mgongoni. Foleni humlinda mnyonge. Hilo si la Waingereza peke yao.