Striga inajaa kwa huyu, inapungua kwa jirani: juu ya nini?



Kila musimu tunaulizwa swali hili. Majirani wawili wamepanda mutama siku moja, mvua ni ile ile. Kwa mmoja striga inajaa na mutama unakauka ungali umesimama. Kwa mwingine inatokea kidogo tu. Hapo maneno ya uchawi yanaanza, na watu wanachukiana bure. Sababu tuitafute kwanza kwenye mbegu na kwenye udongo.

Striga ni lile jani baya lenye maua ya zambarau ao mekundu. Linashika mizizi ya mutama, muhindi ao mupunga na kunyonya maji na chakula chake. Striga moja inaweza kutoa mbegu maelfu na maelfu, ndogo sawa vumbi, na zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Hazioti ovyo. Zinangoja mwito.

Mwito huo ni homoni. Homoni ni kitu ambacho mmea unajitengenezea, kidogo sana, ili kuongoza namna unavyokomaa. Moja inaitwa strigolaktoni. Ndani ya mmea inapunguza matawi. Tena mizizi inaimwaga udongoni ili kuita uyoga mdogo sana, usioonekana kwa macho, unaosaidia mmea kupata fosfori. Mwito ni mzuri, lakini striga nayo inausikia, inaamka na kushika muzizi.

Sasa, si kila mbegu inaita kwa nguvu moja. Ni kama watoto wa tumbo moja: huyu anasema kwa sauti kubwa, huyu anasema polepole. Watafiti walipima aina za mupunga wa NERICA. NERICA 1 ilimwaga homoni kidogo na ikapata striga kidogo. NERICA 14 ilimwaga nyingi na ikashambuliwa zaidi. Kwa mutama, tofauti si wingi peke yake. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba aina fulani za mutama zinamwaga strigolaktoni ya namna nyingine, ambayo haiamshi striga vizuri. Mutama ni mutama, lakini mwito si mmoja.

Udongo nao una neno lake. Mmea wenye njaa ya fosfori ao azoti unaita kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana striga inapenda mashamba yaliyochoka.

Tufanye nini basi?

1. Tujaribu mbegu. Katika shamba lenye striga, panda aina mbili ao tatu, kila moja kwenye mistari yake. Hesabu striga kwa kila aina mpaka mavuno, halafu pima mavuno. Weka mbegu ya ile yenye striga kidogo na mavuno mazuri.

2. Andika jina la mbegu kwenye mufuko. Mbegu bila jina haitufundishi kitu. Tena musitupe mbegu za wazee mbele ya kuzijaribu.

3. Lisha udongo kwa samadi ya mifugo na mboji.

4. Badilisha na soja. Mizizi yake inaweza kuamsha striga, lakini striga haiwezi kuishika, basi inakufa na njaa.

5. Ng'oa striga mbele haijatoa mbegu, na kuichoma mbali na shamba.

Tuseme wazi: mbegu inayoita polepole haifungi mlango kabisa. Ukiipanda kwenye udongo uliochoka na kuacha striga ikomae, miaka michache tu taabu itarudi. Mbegu, samadi na mkono wa kung'oa vinatembea pamoja.

Mukimaliza kuhesabu, mupelekee monita wa kilimo majibu yenu, hata kama ni mabaya. Mistari mitatu kwa mulimaji mmoja inaweza kuokoa chakula cha koperative nzima musimu unaokuja.