Sanduku la Kufuli Tatu, na Jinsi Watu Wajifunzavyo Habari za Fedha

Ninyi mkaao Kibiti, Bungu, Nyamisati na visiwa vya Delta, mwajua jinsi fedha ijavyo katika nchi ya Rufiji. Haiji kama mshahara wa karani, mwezi kwa mwezi. Mpunga ukiisha kuvunwa, ufuta na korosho zikiisha kupita mnadani, kamba wakijaa katika nyavu, nyumba huwa na noti. Halafu huja miezi mirefu ya kulima, na ya kukaa katika dungu kuwinga ndege na nguruwe, na mkononi hamna kitu. Tena kuna miaka ya gharika. Masika ya mwaka 2024 mto ulifurika katika wilaya za Rufiji na Kibiti, ukafunika mashamba na kuwatoa watu nyumbani mwao. Mwaka wa namna hii nyumba isiyo na akiba hupata taabu mbili, taabu ya maji na taabu ya deni.

Habari ya deni ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Katika Tanzania imeenea mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, na jina hilo latosha kuieleza. Tuseme mama amepokea shilingi 50,000 leo, naye atakiwa kurudisha 65,000 mwezi ukiisha. Aisikia ile 15,000 ya juu, aiona ndogo, maana mtoto yu mgonjwa. Siku ya kulipa ikifika hana kitu, basi akopa tena ili alipe lile deni la kwanza, kwa masharti yale yale. Miezi mitatu ikipita, ile 50,000 imekuwa 109,850. Hesabu hii si ngumu. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya ubaoni. Hata yule mama pengine aliifanya ubaoni zamani, akapata alama ya vema. Lakini siku ile alipotia kidole gumba katika karatasi hakuifanya.

Basi, kujua ni jambo moja, na kutenda ni jambo jingine. Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa bidii. Mwaka 2014 wataalamu watatu, Fernandes, Lynch na Netemeyer, walikusanya matokeo ya uchunguzi 201 uliokwisha kufanywa juu ya elimu ya fedha. Waliona kwamba mafundisho yale yalieleza sehemu moja tu katika elfu ya tofauti zilizopo katika mwenendo wa watu. Tena waliona kwamba hata mafundisho ya saa nyingi, ikipita miezi 20 hivi, hayaonekani tena katika matendo ya mtu. Shauri lao lilikuwa kwamba mtu afundishwe karibu na saa ya kuamua, wakati neno lile lina kazi mkononi mwake.

Mwalimu asomaye haya asivunjike moyo upesi. Mwaka 2022 wataalamu wengine, Kaiser, Lusardi, Menkhoff na Urban, walitazama majaribio 76 yaliyofanywa kwa uangalifu katika nchi 33, wakasema kwamba mafundisho huongeza ujuzi na hutengeneza mwenendo pia. Kwa hiyo wenye elimu bado washindana, nasi hatuna haja ya kuwaamulia. Lakini liko jambo moja ambalo mtu yeyote aliyepata kufundisha watu wazima atalikubali. Katika Jamhuri ya Dominika wenye biashara ndogo waligawanywa. Wengine walifundishwa utunzaji kamili wa vitabu vya hesabu, na wengine walipewa kanuni nyepesi tu, kama hii ya kutenga fedha ya biashara mbali na fedha ya nyumbani. Matokeo yakatangazwa mwaka 2014: waliopewa kanuni nyepesi ndio waliotengeneza mambo yao, na wale wa vitabu hawakubadilika sana. Bibi auzaye vitumbua barabarani Kibiti hana haja ya kitabu chenye safu sita. Mikebe miwili yamtosha, mmoja wa unga na mafuta, mmoja wa chakula cha watoto, nao usiingiliane.

Karibu nasi zaidi, katika mji wa Dar es Salaam, uchunguzi kama huo ulianza mwaka 2008. Wataalamu wa Norway waliwachukua wenye biashara ndogo waliokuwa wakikopa katika shirika la PRIDE, wakawapatia walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Masomo yalikuwa 21, kila somo dakika 45, nayo yalifundishwa pale pale katika mkutano wao wa marejesho. Wengine walipewa fedha ya bure. Fedha ile haikuleta faida ya kudumu. Mafundisho yaliwafaa wanaume sana, biashara zao zikakua. Lakini kwa wanawake faida haikuonekana vile, ingawa na wao walijifunza. Wachunguzi walitaja, pamoja na sababu nyingine, mambo ya nyumbani yanayomzuia mwanamke. Hapa akina baba wa nyumba za Kikristo na wasome polepole. Mke aweza kufundishwa masomo 21 akayaelewa yote, kisha akarudi nyumbani akakuta fedha yake imekwisha kupangiwa kazi na mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye sanduku. Mwaka 1991, katika nchi ya Niger, wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE walianza vikundi vya kuweka na kukopa. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, wakashika hesabu zao kwa kichwa. Mwanzoni mwa karne hii mtindo huo ulifika Unguja, katika vijiji vya kando ya msitu wa Jozani, na bara pia ukaenea kwa jina la VICOBA. Pwani yetu ya Rufiji, Mafia na Kilwa, iliyofupishwa kuwa RUMAKI, ilivipata vikundi hivyo katika kazi ya kuhifadhi bahari na mikoko iliyosaidiwa na shirika la WWF. Nia ilikuwa kwamba watu wenye njia nyingine ya kupata fedha wasikate mikoko ovyo, wala wasitumie nyavu zinazoua samaki wachanga.

Desturi ya vikundi hutofautiana kidogo, lakini shina ni moja. Wanachama ni 15 hadi 30, wote wanafahamiana. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa na watu watatu, kila mtu na wake. Sanduku lenyewe hukaa na mtu wa nne, kwa hiyo hakuna awezaye kulifungua peke yake usiku. Katika mkutano kila mmoja hununua hisa mbele ya macho ya wote, tangu moja hata tano. Kisha waombao mikopo husimama na kusema sababu. Mara nyingi mtu hakopeshwi zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Uko pia mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mwaka ukiisha hugawana, kila mtu kwa hisa zake, nao huanza tena.

Tazameni sasa jinsi somo linavyopatikana humo. Kabla ya kufunga sanduku mweka hazina hutaja kiasi kilichomo, na wote huambiwa wakikumbuke. Mkutano unaofuata huulizwa, kisha fedha huhesabiwa. Bibi asiyejua herufi moja hutaja kiasi hicho hata shilingi ya mwisho. Akisikia mwenziwe aomba 100,000 ya kununua mpunga, huuliza ataununua kwa nani, atauza lini, naye atarudisha kiasi gani. Maswali haya ndiyo elimu ya fedha, nayo yafika saa ile ile iliyotakiwa na wale wataalamu watatu.

Hata hivyo tusiyasifu mambo kupita kweli yake. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika Ghana, Malawi na Uganda juu ya vikundi vya namna hii. Akiba na mikopo iliongezeka, biashara za wanawake zikasitawi, na neno la mwanamke likapata uzito nyumbani. Lakini matumizi ya nyumba, kwa wastani, hayakuonekana kuongezeka. Sanduku halifanyi maskini kuwa tajiri.

Walimu wengi hupenda kufundisha habari za akiba kwa mfano wa talanta, nao ni mfano mzuri. Lakini mtu wa Delta atafaidiwa zaidi na ule wa Luka 14, wa mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Tena mfundishe wiki ile ya kabla ya mgao, au kabla ya mnada wa ufuta, mume na mke wakikaa benchi moja. Msingoje Januari, fedha ikiwa imekwisha. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi huku, wana maswali ya haki juu ya riba. Kikundi chenye watu wa dini zote mbili na kizungumze habari hiyo waziwazi siku ya kuandika katiba yake, kabla mtu hajaweka hisa ya kwanza.

Jambo la mwisho ni la sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yaviweka vikundi hivi katika daraja la nne, nayo yataka viandikishwe. Wenye sanduku ambalo halijaandikishwa na wamwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yao, wakichukua katiba ya kikundi, majina ya viongozi na muhtasari wa mkutano.