Kiwanda ndani ya programu: Jinsi ya kupanga msimbo wa PHP

UKITAJA kiwanda mjini Kitengela, wengi watafikiria eneo la EPZ na saruji ya Athi River, jirani tu. Lakini watunzi wa programu za kompyuta wana kiwanda chao, na kikipangwa vibaya hasara humfikia hata mfugaji wa Kajiado asiyewahi kusikia neno PHP.

Chukua mfano wa shule inayopokea karo kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka wa 2007. Klasi ya karo hupokea malipo, hukokotoa salio, kisha humtumia mzazi ujumbe mfupi. Mtunzi mwenye haraka huunda chombo cha kutuma ujumbe mumo humo, kwa neno 'new'. Mambo huenda shwari hadi siku ya majaribio, ambapo mzazi aliyeuza mbuzi kulipa karo anaarifiwa usiku wa manane kwamba angali anadaiwa Sh20,000!

Dawa ni kuizuia klasi ya karo isijiundie chombo chochote. Ikabidhiwe kupitia konstrakta yake, mradi chombo kitimize masharti ya intafesi. Utaratibu huu, kudunga utegemezi, ulielezwa kwa kina na Mwingereza Martin Fowler mwaka wa 2004, mwaka uo huo PHP 5 ilipotoka ikiwa na intafesi.

Basi nani aviunde vyombo? Hiyo ndiyo kazi ya klasi za kiwanda. Kiwanda cha malipo kikae katika folda ya malipo, cha mawasiliano katika folda ya mawasiliano. Faili ya mipangilio isomwe huko tu: ikisema ni majaribio, kiwanda hutoa chombo kinachoandika ujumbe kwenye faili bila kuutuma. Safaricom ilipoleta Daraja mwaka wa 2017, mfumo wa namna hii ulihitaji klasi mpya ya malipo na mistari michache kiwandani. Hesabu za karo hazikuguswa.

Wapo wanaoikabidhi klasi ya karo kiwanda chenyewe. Hilo ni kosa, sawa na kumpa mpishi ufunguo wa ghala badala ya kumpimia unga, hutajua alichochukua. Viwanda viitwe mlangoni mwa programu, katika index.php, visitajwe tena ndani. Na kama programu ina klasi nne au tano tu, viwanda vya nini? Mistari kumi katika faili hiyo yatosha.