Kabla hujalipia fremu, uliza gari la mzigo litasimama wapi

Leo tuongee kuhusu maegesho. Najua kuna mtu ameshaanza kusema, "Mimi nauza kwa simu, sina hata baiskeli, maegesho yananihusu nini?" Subiri kidogo, ndugu yangu.

Ukiwa bado unauzia chumbani kwako, ni kweli hayakuhusu sana. Ila siku biashara inatoka chumbani kwenda kwenye fremu, yanaanza kukuhusu. Sisi tunaouza mtandaoni wateja wetu wengi hawafiki dukani, lakini mzigo unafika na mzigo unaondoka. Boda anakuja kuchukua oda. Bajaji inapeleka boksi stendi. Kirikuu inaleta madumu kutoka kwenye mashine ya kukamua. Duka la mtandaoni linaweza kukaa wiki nzima bila mteja wa miguu, lakini haliwezi kukaa siku mbili bila chombo cha moto mlangoni.

Mimi nipo Chemba, nauza mafuta ya alizeti, ufuta na asali kwa oda za WhatsApp. Wilaya yetu ilizaliwa 2012 baada ya kumegwa kutoka Kondoa, na wanaotufahamu wanajua kwamba biashara kwetu imefuata lami. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa rasmi 2018, na tangu hapo kila mwenye kiwanja karibu na lami anawaza kujenga fremu. Sio jambo baya. Tatizo ni kwamba fremu nyingi zinakuja na sentensi moja ya dalali: "Paking ipo ya kutosha, si unaona uwanja huo hapo mbele?"

Huo uwanja wa mbele ndio mada yetu ya leo.

UWANJA WA MBELE NI WA NANI?

Sheria ya Barabara ya 2007 pamoja na kanuni zake za 2009 inasema hifadhi ya barabara kuu na barabara za mkoa ni mita 60 kwa jumla, yaani mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati ya barabara. Sio kutoka pembeni ya lami, wala sio kutoka kwenye mtaro. Ni kutoka katikati.

Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande. Hiyo tofauti ya mita 7.5 ndiyo iliyoleta zile alama za X tunazoziona kwenye kuta. X nyekundu maana yake wewe ndiye uliyeifuata barabara, utabomoa na hulipwi. X ya kijani maana yake barabara ndiyo iliyokufuata, una haki ya fidia. Sasa sikiliza vizuri: hata hiyo ya kijani, fidia ni ya mwenye jengo. Wewe mpangaji uliyelipa kodi ya miezi sita, ukapaka rangi na ukachonga mbao za shelfu, usitegemee kwamba jina lako limo kwenye hesabu hiyo.

Nilipokuwa natafuta fremu nilikwenda na futi kamba ya mita 30. Watu walinicheka, wakauliza kama siku hizi nimekuwa fundi. Fremu ya kwanza niliyopima, ukuta wenyewe ulikuwa nje ya hifadhi kwa mita mbili tu. Maana yake "paking ya kutosha" yote aliyokuwa ananionyesha mwenye nyumba ilikuwa ndani ya hifadhi. Anapangisha duka ambalo ni lake, anakuuzia na maegesho ambayo si yake. Siku wenye barabara wakihitaji eneo lao, duka linabaki bila mahali pa kushushia hata katoni moja.

Na usifikiri hifadhi ikikaa wazi basi mtu anaruhusiwa kujimwagia kifusi na kujitengenezea njia. Kuunganisha njia yako na barabara kuu kunahitaji kibali cha TANROADS, na kutumia hifadhi hata kwa muda kunahitaji kibali. Barabara za wilaya na za mitaani zipo chini ya TARURA, ambayo ilianza kazi 2017. Kwa hiyo kabla hujauliza swali, jua kwanza barabara iliyo mbele yako ni ya nani.

KIWANJA CHENYEWE KINASEMAJE?

Jambo la pili ni matumizi ya kiwanja. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Kila kiwanja kilichopimwa kina matumizi yake: makazi, biashara, makazi na biashara, viwanda na kadhalika. Chini ya sheria hiyo kuna kanuni za viwango vya mipango miji za 2018, ambazo pamoja na mambo mengine zinagusa nafasi za maegesho kulingana na aina ya jengo. Ndio maana ramani ya jengo la biashara ikipelekwa kuombewa kibali cha ujenzi, suala la magari yataingia wapi na yatasimama wapi linaulizwa.

Hii inatuhusu vipi sisi wapangaji? Wengi wanatoboa ukuta wa nyumba ya kuishi, wanaweka mlango wa geti la chuma, wanaita fremu. Kiwanja bado kimeandikwa makazi, na hakuna aliyewahi kuulizwa magari yatakaa wapi. Mambo yanaenda vizuri mpaka siku jirani anachoka na pikipiki zilizopangwa mlangoni kwake, anakwenda kulalamika. Hapo mwenye nyumba anaambiwa aombe kubadili matumizi ya kiwanja. Ombi linaanzia halmashauri, majirani wanapewa nafasi ya kuweka pingamizi, na jirani aliyekwisha kuchoka na pikipiki zenu ndiye wa kwanza kuandika.

Kwa wenzangu wa vijijini, Kwa Mtoro, Farkwa, Mrijo na kwingineko, ardhi nyingi iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Huko anza na serikali ya kijiji. Usisubiri ramani ya mjini, waulize wenyewe eneo la biashara wamelitenga wapi.

LILILOMPATA JIRANI YANGU

Kuna mwenzetu mmoja alikuwa na fremu nzuri sana pembeni ya lami. Alipata oda ya madumu 40 ya mafuta, mteja akatuma kirikuu ije kuyachukua. Mbele ya duka kulikuwa na matofali ya mwenye nyumba, pembeni pikipiki. Dereva akasimama nusu kwenye lami, nusu kwenye bega la barabara, wakaanza kupakia. Barabara ile ina malori na mabasi ya Arusha yanapita kwa mwendo. Basi moja lilipiga honi, likakwepa, almanusura limzoe kijana aliyekuwa amebeba dumu begani. Trafiki hawakuwa mbali. Dereva aliandikiwa 30,000.

Dereva alimwambia mteja wake hivi: "Pale mimi sirudi, kama anataka kuuza alete mwenyewe." Na mteja hakugomba na mtu, alinyamaza tu, mwezi uliofuata akanunua kwa mwingine. Ukipiga hesabu, 30,000 ndiyo iliyokuwa hasara ndogo kuliko zote. Ilipotea oda ya kila mwezi, na kijana wa watu alikuwa apoteze maisha kwa sababu ya dumu la lita 20.

LAKINI TUSIDAI PAKING KUPITA KIASI

Hapa sasa nataka tufikirie pande zote. Kuna mtu atasema serikali ilazimishe kila duka liwe na maegesho yake, basi tatizo limekwisha. Tupige hesabu ya kidukani.

Gari dogo likisimama linahitaji kama mita 2.5 kwa 5. Hiyo ni mita za mraba 12.5. Fremu ya kawaida kwetu ni mita 3 kwa 4, yaani mita za mraba 12. Umeona? Gari moja likisimama limekula eneo kubwa kuliko duka zima. Mwenye fremu sita akilazimishwa nafasi moja ya gari kwa kila fremu, anahitaji mita za mraba 75 za magari kwa ajili ya mita za mraba 72 za maduka, bado hujahesabu njia ya kugeuzia. Gharama hiyo haitamkaa mwenye nyumba. Itashuka kwenye kodi yako na yangu, sisi ambao wateja wetu wanatumia boda. Pikipiki inahitaji kama mita 1 kwa 2 tu. Kwenye nafasi ya gari moja unapanga pikipiki tano.

Wenzetu wameshapita huko. Marekani, miji mingi ililazimisha maegesho kwa kila jengo. Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliandika kitabu kizima 2005 akionyesha kwamba maegesho ya "bure" yanalipwa na kila mtu kupitia bei na kodi, hata asiye na gari. Mwaka 2017 mji wa Buffalo ukafuta sharti hilo. Japani wao walikwenda njia nyingine: tangu miaka ya 1960 anayetaka kumiliki gari ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba ana mahali pa kuliegesha. Mzigo ni wa mwenye gari, sio wa mwenye duka.

Hata hapa kwetu wazo hili sio geni. Mpango wa kwanza wa mji mkuu wa Dodoma, wa 1976, ulichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, na ulimweka mbele mtembea kwa miguu na basi kuliko gari binafsi. Mji ulikua kwa namna yake baadaye, lakini wazo lilikuwa na akili: panga kwa ajili ya watu waliopo na usafiri wanaoutumia.

Kwa mtazamo wangu, mji mdogo kama Chemba unaochipukia hauhitaji sharti la gari moja kila fremu. Unahitaji sehemu ya pamoja ya kushushia na kupakia mizigo, nje ya hifadhi, kila baada ya maduka kadhaa, na sehemu ya boda iliyochorwa ikajulikana. Hilo linaweza kupangwa sasa wakati viwanja bado vina nafasi. Tukisubiri mpaka pajae, tutaletewa lugha ya kuondolewa. Mnakumbuka Oktoba 2021 namna wamachinga walivyohamishwa kutoka kandokando ya barabara kwenda maeneo yaliyotengwa. Waliokuwa wameshaandaa pa kwenda waliumia kidogo, waliobaki walianza moja.

MAMBO YA KUFANYA KABLA HUJATOA KODI

1. Pima kutoka katikati ya barabara. Futi kamba ya mita 30 unaazima kwa fundi yeyote. Kwenye barabara kuu na ya mkoa hesabu mita 30, na pima pale barabara inapokuwa haina magari, mtu mmoja akikuangalizia.

2. Tembea ukutani. Angalia X, hata iliyopakwa rangi juu. Angalia na nyumba za jirani na vigingi vya hifadhi.

3. Omba kuona karatasi ya kiwanja. Sio lazima uondoke nayo. Soma matumizi tu: makazi au biashara? Mwenye nyumba akikataa hata kukuonyesha, hilo nalo ni jibu.

4. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na namba ya kiwanja. Uliza maswali mawili: matumizi ni yapi, na kuna barabara inayotarajiwa kupanuliwa hapo? Kuuliza ni nusu saa, kodi ni ya miezi sita.

5. Maegesho yaandikwe kwenye mkataba. "Mpangaji atatumia eneo la mbele, urefu kadhaa, upana kadhaa, kwa kupakia na kushusha." Bila hivyo, kesho mwenye nyumba anaweka kibanda cha chipsi hapohapo na huna la kusema.

6. Panga saa za mizigo. Kama mko fremu nne, kubalianeni: kirikuu asubuhi mpaka saa nne, boda muda wote. Haigharimu kitu.

7. Ukishindwa kupata fremu yenye nafasi, chukua ya ndani. Sisi tunauza kwa picha na stetasi. Mteja wa Dar hajui kama duka lako lipo lami au nyuma ya msikiti. Fremu ya mtaa wa pili mara nyingi kodi yake ni ndogo, na kirikuu inasimama bila presha. Nenda lami kama wateja wa miguu ndio wanaokulisha.

8. Ukipeleka mzigo Dodoma mjini au Dar, mkumbushe dereva ushuru wa maegesho ya barabarani. Siku hizi gari linadaiwa kwa namba yake, na deni lisipolipwa kwa wakati linaongezeka. Weka kwenye bei ya usafiri mapema msije mkagombana.

Mimi fremu niliyochukua ipo mtaa wa pili kutoka lami. Mbele ina nafasi ya kirikuu moja na pikipiki tatu, na imeandikwa kwenye mkataba kwa mita. Hakuna anayepita akaiona, lakini madereva wanaipenda, na dereva akipenda duka lako, mzigo wako unafika wa kwanza stendi.

Kama unamjua mtu anayetafuta fremu mwezi huu, mtumie hii kabla hajatoa hela. Na wewe uliyekwisha kupanga, kesho asubuhi azima futi kamba, ukapime. Biashara njema.