Beseni la Jioni

Saa mbili asubuhi mtoto wa darasa la tatu ameandika neno moja tu, na kichwa chake kimekwisha kuinamia daftari. Mwalimu mgeni atamwita mvivu. Sisi tunaofundisha Bunia twajua kwamba jana alilala na wenzake wanane katika chumba cha watu wanne, kwa maana jamaa zao wamekimbia kutoka Djugu.

Wazazi wengi wa leo walikuwa watoto mwezi wa Mei 2003, mji wetu ulipogeuka uwanja wa vita. Baadhi yao hata sasa hulala sikio moja li wazi. Hawana haja ya kuambiwa kwamba usingizi huibwa. Labda hawajaambiwa kwamba sehemu yake yaweza kurudishwa.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila siku. Wa miaka 3 hadi 5, saa 10 hadi 13. Mwili una saa yake ya ndani, nayo huongozwa na mwanga wa mchana na mazoea. Hapa kwetu karibu na ikweta jua huchwa kwenye saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. (Kaskazini ya Ulaya, wakati wa kiangazi, akina mama huwalaza watoto jua lingali likiwaka, katika jambo hili moja tumependelewa.) Basi giza likiingia, mambo yafuatane kwa taratibu ileile, mtoto apate kujua kinachofuata.

Namfahamu mama mmoja aliyewapokea watoto watatu wa dada yake. Usiku wa kwanza mdogo wao alishtuka kila pikipiki ilipopita. Mama huyo hakuwa na kitanda cha kuongeza. Alimwuliza dada yake, “Kule nyumbani mlikuwa mkiwalazaje?” Akajibiwa kwamba wakiisha kula, nyanya yao huwaosha miguu katika beseni, huwasimulia hadithi ya sungura, kisha huzima taa. Akafanya vivyo hivyo kwa watoto wote wa nyumba, akitia sala kati ya beseni na hadithi. Yule mdogo hakuacha kushtuka, ila baada ya majuma machache alishtuka na kulala tena. Desturi ya namna hii haihitaji kuta. Yafaa hata chini ya hema.

Waharibifu wakubwa ni sisi wazee. Twasikiliza habari za mashambulio, twapitisha simu mkono kwa mkono, tukidhani walio kwenye mkeka wamelala. Mtoto akiwa na swali juu ya vita, ajibiwe mchana, kwa maneno machache ya kweli. Kahawa na chai ya jioni pia ziachwe, kwa kuwa nguvu yake hukaa mwilini saa nyingi.

Milio ya risasi ikivunja usiku, mtoto akumbatiwe, anyweshwe maji, na asubuhi aamshwe saa ya kila siku. Akirudia kukojoa kitandani asipigwe. Ni hofu, si ukaidi. Hali hiyo ikidumu majuma mengi, apelekwe kwa mganga.

Jioni moja kulitokea vurugu njiani, na yule mama akafunga mlango mapema, akakaa kimya akisikiliza. Mdogo alikwenda jikoni, akarudi akilikokota beseni. “Mama,” akasema, “miguu bado.”