Mchagua Nazi wa Thika

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Lakini wahenga hao hawakupata kusimama Ruiru jioni, vibarua wanapotoka viwandani, kila mmoja na riziki yake mkononi na shauku ya mwenzi moyoni. Hesabu ya watu ya 2019 iliikuta Ruiru na watu zaidi ya 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Wengi ni wageni, na wana wetu wa Pwani wamo.

Mji wa wageni hauna shangazi wa kuulizia ukoo. Kwetu posa hutanguliwa na maswali: huyu ni mwana wa nani, wa mtaa gani? Huko swali ni moja tu: "Wafanya kazi wapi?" Anayejibu kuwa ameandikwa hukaribishwa chai. Anayejibu "kibarua" huonyeshwa mlango. Ilhali kibarua asili yake ni barua ndogo, cheti cha mtu wa kutwa apate ujira wake. Karatasi imekuwa jina la mtu, na jina limekuwa kizuizi cha posa. Ndipo kijana hudanganya, akajiita karani, na ukweli ukajulikana mahari imekwisha kutolewa.

Je, kuuliza kazi ni tamaa? La. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Fatima binti Qays aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akamwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri. Akaelezwa kuwa mmoja ni fakiri, na wa pili fimbo haimtoki begani. Akashauriwa aolewe na Usama bin Zayd, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru. Fatima hakumpenda mwanzoni, kisha akaiona heri yake. Basi mfuko ulitajwa, na fimbo ikatajwa pia. Wangapi leo huuliza habari ya fimbo?

Liko na jambo ambalo wazee hulisema kwa mafumbo: unyumba. Fiqhi ya Kishafii hailionei haya. Mume akishindwa kumlisha mkewe, mke aweza kumwendea kadhi kutaka ndoa ivunjwe. Akishindwa haja ya kitanda, mke akishitaki, hupewa mwaka mzima, misimu yote impitie, ndipo kadhi aamue. Chakula na kitanda, vyote ni haki yake. Kwa hiyo afya na iulizwe mapema, kwa ulimi wa adabu, mbele ya wazee. Si kwa kuonjana vyumbani na kuita huko ni kutahadhari.

Binti yangu, itikise nazi kabla ya kuinunua. Nawe kijana, sema kweli: kibarua si aibu. Koroma ikiachwa mtini huwa nazi. Iliyooza ndani, hata ing'arishwe kifuu, haitoi tui.