Wamama wakidhaminiana, mnunuzi anaamini

Mama anayeuza lengalenga sokoni Kalemie atamhakikishiaje mnunuzi kwamba hakutumia dawa za viwandani? Kulipia wakaguzi peke yake ni gharama kubwa. Wakiungana, kuna njia.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, ina kanuni za mazao ya kilimo hai na alama ya Kilimohai tangu 2007. Vikundi vingi vidogo hufuata utaratibu wa kudhaminiana: wanachama wanatembeleana mashambani, wanaangalia mbegu na mbolea, wanaandika daftarini, kisha wanauza pamoja.

Ni kama likelemba: mmoja akidanganya, wote wanapoteza. Wapendwa, vikundi vya wamama makanisani vinaweza kuanzia hapo, kwa daftari moja na ukweli.